Dole gumba kabla ya maneno: kisa cha rekodi moja ya Kizaramo

"Mzaramo naye ana kilugha?"

Dereva wa bodaboda aliyenichukua stendi ya Chanika aliuliza huku anacheka. Ni Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo mtani, na mtani hashtakiwi kwa maneno yake. Ila swali hilohilo nimeulizwa na watu wasio watani, na Wazaramo waliozaliwa Buguruni na Magomeni wamewahi kuniambia wenyewe kwamba kilugha hawana, chao ni Kiswahili tu. Dar es Salaam nzima inaishi juu ya ardhi ya watu ambao lugha yao inadhaniwa haipo.

Ipo. Mwanaisimu Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, Kizaramo alikipa G33 na Kiswahili akakiweka katika kundi jingine, la G40. Ndugu wa karibu wa Kizaramo ni Kikwere, Kikutu, Kikami na Kiluguru, lugha za kupanda na mto Ruvu kuelekea milimani. Kufanana kwake na Kiswahili ndiko kunakokiponza. Mmasai akiacha Kimaasai unamsikia ameacha. Mzaramo anahama polepole, neno kwa neno, sentensi moja imeanza huku imemalizikia kule, na hakuna anayeona mpaka siku wajukuu wanapomsikiliza bibi yao na kudhani anakosea Kiswahili.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha rekodi moja, bibi mmoja, na faili moja la sauti lililotutoka mikononi. Nimeombwa na wenzangu wanaofanya kazi kama hii nikieleze chote, pamoja na sehemu zinazoniaibisha, maana hizo ndizo zenye faida.

Orodha

Tulikuwa wawili. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mwenzangu ni mwanaisimu, mwanamke, mvumilivu kuliko mimi. Barua tulizipeleka ofisi ya Serikali ya Mtaa, mjumbe akatutembeza, na nyumba ya tatu tukakaribishwa na Bibi: mjane wa miaka themanini na ushee, msusi wa mikeka, aliyehamia Chanika kutoka upande wa Kisarawe baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Mjukuu wake wa kiume, kijana aliyemaliza kidato cha sita na kusubiri chuo, alijitolea kutusaidia. Ulikuwa mwezi wa Julai, kipupwe, hakuna mvua ya kupiga ngoma juu ya bati. Kwa anayerekodi, hilo ni jambo la kushukuru.

Nilitoa fomu ya ridhaa, nikaisoma kwa sauti, nikafungua kidau cha wino. Bibi aliutazama wino, akanitazama mimi, akaweka dole gumba. Kumbukeni mtazamo ule.

Kisha nikatoa orodha. Ilikuwa ile ya maneno 200 ya msingi ya mwanaisimu Morris Swadesh, tuliyoizoea chuo: mtu, maji, moto, jiwe, kula, kulala. "Bibi, kwa Kizaramo 'moto' mnasemaje?" Anasema. "Na 'jiwe'?" Anasema. Kwa dakika kumi na tano alinijibu kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Halafu nikamwomba anisimulie maisha yake ya utotoni, kwa Kizaramo tafadhali. Alianza kwa Kizaramo sentensi mbili, akanitazama usoni, akaona sielewi vizuri, akanihurumia. Yaliyobaki yote aliyasimulia kwa Kiswahili safi kabisa, kitamu, chenye methali. Tulipokaa baadaye kuhesabu, katika dakika 50 tulipata sentensi 11 za Kizaramo zilizokamilika.

Nilirudi mjini nimenuna, nikisema Bibi amesahau. Mwenzangu akaniambia, "Hajasahau. Ni adabu ile. Utazungumzaje na mgeni lugha asiyoijua?"

Na alikuwa sahihi kupita nilivyotaka kukubali wakati ule. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekaa Unguja, alichapisha mwaka 1869 orodha fupi za maneno ya lugha tatu, na Kizaramo ni mojawapo. Mji wa Sultani Majid hapa Mzizima haukuwa hata na miaka kumi. Mimi nimekuja zaidi ya miaka 150 baadaye, nina kinasa sauti cha kidijitali, na nimeuliza vilevile alivyouliza yeye. Orodha ina kazi yake. Inakuonyesha sauti, inakuonyesha undugu wa lugha. Lakini haikuambii Mzaramo anakatizaje maneno ya mwenzake, anakataaje chakula bila kumvunjia heshima aliyekipika, anasengenyaje. Tangu Nikolaus Himmelmann aandike mwaka 1998 kwamba kuweka kumbukumbu za lugha ni kazi inayojitegemea, tofauti na kuandika sarufi, wanaisimu wengi wamekuwa wakilirudia hilo. Nami nilikuwa nalijua. Kulijua darasani na kulikumbuka umekaa juu ya kigoda mbele ya bibi wa watu ni mambo mawili.

Wifi

Kwa hiyo safari ya pili hatukuuliza kitu. Tulimwomba Bibi amwite mtu anayependa kuongea naye. Hakufikiri hata kidogo. "Wifi yangu," akasema, dada wa marehemu mumewe, anayekaa Maneromango. Tulitoa nauli, na Jumamosi yake wifi akashuka kwenye basi na kikapu cha mihogo na malalamiko juu ya basi lenyewe.

Mpango wa vifaa niueleze, maana wengi huuliza. Kinasa sauti kilikuwa Zoom H5, juu ya mto wa kulalia ili mtetemo wa sakafu usiingie, na kila mmoja tulimbana maikrofoni ndogo kwenye kanga, karibu na shingo. Tulirekodi kwa WAV, yaani sauti isiyobanwa, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Ukirekodi stereo kwa kiwango hicho unakula takriban gigabaiti moja kwa kila saa, kwa hiyo nenda na kadi mbili. Rekodi ya simu iliyopita WhatsApp haifai kwa uchunguzi wa sauti; inabanwa mpaka pumzi za lugha zinakatwa, na Kizaramo kina pumzi zake. Jogoo tulimwomba mjukuu amfungie. Kilichotushinda ni ukindu. Bibi hawezi kukaa bure, mikono yake inasuka ukili hata akiwa anaongea na maiti (maneno ya wifi, si yangu), na ukindu mkavu karibu na maikrofoni unasikika kama moto wa vichaka. Tuliwaza kumwomba aache. Mwenzangu akakataa: akiacha kusuka ataacha kuongea. Tukausogeza ukindu chini kwenye jamvi, tukakubali kelele iliyobaki. Hadi leo naona lile lilikuwa uamuzi bora wa siku nzima.

Halafu tukatoka. Tulikaa chini ya mwembe, mbali, tusikie mlio wa sauti zao tusisikie maneno. Saa moja na dakika 52.

Nilipoisikiliza usiku, nilikaa wima kitandani. Kizaramo kilikuwa kinamwagika. Walikuwa wanabishana juu ya mti: mwembe upi uliokatwa, nani aliukata, alikuwa amelewa au hakuwa amelewa. Walirudia jambo lilelile mara nne kwa namna nne, kila mmoja akamaliza sentensi za mwenzake, kisha wakacheka cheko ambalo sijawahi kulisikia katika rekodi yoyote ya utafiti.

Kipande cha dakika ya 38 kinathibitisha yote. Jirani yao, yeye naye Mnyamwezi, anapita uani, anawapigia kelele za kitani: Wazaramo mmekaa tangu asubuhi, mnasubiri ngoma gani? Papo hapo wote wawili wanaingia Kiswahili. Wanamrudishia matusi ya utani kwa Kiswahili, anajibu, wanajibu, dakika tatu nzima hakuna neno la Kizaramo. Anaondoka. Kimya cha sekunde mbili. Halafu wifi anasema kitu kwa Kizaramo, kwa sauti ya chini, kuhusu yule jirani, na Bibi anakohoa kwa kicheko.

Hawakuamua kubadili lugha. Ukiwauliza watakuambia waliongea kama kawaida. Aliyekaa mkabala ndiye aliyeamua, kama mimi nilivyoamua siku ya kwanza bila kujua. Kwa hiyo wanapokuja watafiti kutoka kwa wazee na kuripoti kwamba lugha imekufa, nami hutaka kujua kwanza: ulikaa wapi?

Dakika ya 71

Unukuzi tulimpa mjukuu. Sababu zilikuwa nzuri: ni kijana wa nyumbani, anajua kompyuta, anahitaji fedha kidogo, na tulitaka kazi ibaki na familia. Tulimfundisha kutumia ELAN, programu ya bure iliyotengenezwa na Taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, ambayo inakuwezesha kukata sauti vipande na kuandika chini ya kila kipande safu kwa safu: alichosema Bibi, alichosema wifi, tafsiri ya Kiswahili. Ni kazi ya kuchosha. Saa moja ya mazungumzo ya watu wanaokatizana ilimla wiki nzima na zaidi.

Shida ya kwanza ilikuwa ya sikio. Penye "wanhu", n inayofuatwa na pumzi, yeye aliandika "watu". Hakuwa mzembe. Sikio lake la Kiswahili lilikuwa linamsahihisha bibi yake. Kila nilipofungua safu nilikuta Kizaramo kimesafishwa, kimekuwa Kiswahili chenye lafudhi. Tulilitatua kwa njia inayotumika siku hizi sehemu nyingi: mzee mwingine anasikiliza rekodi kipande kwa kipande, anarudia polepole na kwa kutamka wazi mbele ya kinasa cha pili, kisha anakitafsiri. Mwandishi anafanyia kazi ile sauti ya polepole. Tulimpata mzee mmoja wa msikiti wa jirani, mtulivu, mwenye matamshi kama ya kupimwa kwa rula. Tulifurahi sana na mpango huu.

Hatukufikiri kwamba mzee huyo ni mwanamume.

Dakika ya 71 Bibi anashusha sauti. Wifi ametaja jina la binti wa ukoo aliyewekwa mwali miaka mingi iliyopita, na wanaanza kukumbushana yaliyosemwa chini ya mkole. Msomaji asiye wa pwani: mkole ni mti, na ni jina la unyago wa wasichana wa Kizaramo unaofanyika kwenye mti huo. Yanayofundishwa pale ni ya wanawake. Yana maneno yake, mafumbo yake, nyimbo zake. Yaliyomo sitayaandika, na msinitumie ujumbe wa kuniomba.

Yule mzee alipofika hapo alivua vifaa vya masikioni akasema anaenda kuswali. Ilikuwa saa nne asubuhi. Hakurudi siku ile wala iliyofuata, na sisi tukadhani anaumwa.

Mjukuu yeye hakusimama. Alielewa nusu, akaona ni vichekesho vya bibi, akakata sekunde 40 akazituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na alama za kucheka mpaka machozi. Kundi lina watu zaidi ya mia: Mbagala, Kibaha, Mkuranga, na mmoja Muscat. Kabla ya adhuhuri kipande kimeshatoka kwenye kundi hilo na kuingia mengine. Saa tisa shangazi yao wa Temeke akampigia Bibi. Saa kumi Bibi akamtuma mtoto aje na simu yake kunipigia mimi, na mtoto akasema, "Bibi anasema uje. Hajasema kitu kingine."

Nilijua kuna jambo. Bibi huniita "mjukuu wangu" hata akinitumia salamu.

Kikao

Tulikaa uani: Bibi, wifi aliyerudi kwa basi la asubuhi, shangazi wa Temeke, mwenyekiti wa ukoo, mjukuu akiwa ameinama, mwenzangu na mimi. "Shikamoo Bibi." "Marahaba." Basi.

Nilijitetea kwanza, na sijivunii. Nilitoa fomu. Nikasoma mstari unaosema mazungumzo yatarekodiwa, yatahifadhiwa na kutumika kwa elimu. Nikaonyesha dole gumba.

Bibi akaniacha nimalize. Akasema, "Mjukuu wangu, niliweka dole gumba kwa maneno ambayo nilikuwa sijayasema bado. Nitayajuaje?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata. Fomu yangu iliomba ruhusa ya kitu ambacho hakikuwepo. Na kwa kuwa tulikuwa tumewafanya wasahau kinasa sauti, kwa mto, kwa mwembe, kwa kuondoka kwetu, ndivyo tulivyofanikiwa na ndivyo tulivyowakosea. Rekodi nzuri ni ile ambayo mzee amesahau anarekodiwa, na mzee aliyesahau hawezi kuwa ameridhia. Nimewasikia watafiti wakilitaja hili kama tatizo dogo la taratibu. Waje waketi kwenye lile jamvi.

Kisha ukafuata mjadala wa ukoo ambao sisi hatukuuelewa wote. Bibi aligeuka akaanza kusema na wifi kwa Kizaramo, mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida. Shangazi aliingia, akakwama, akatoka. Mwenyekiti wa ukoo, mtu wa miaka hamsini na kitu, alikaa kimya akisikiliza kama anayesikiliza redio ya nchi jirani. Mjukuu alikuwa analia. Wanawake wawili waliamua mambo yao palepale, katikati yetu, kama kwamba wamefunga mlango.

Walichoamua, alichotuambia Bibi kwa Kiswahili baadaye, kilikuwa hivi. Mjukuu aombe radhi kwenye kundi kwa sauti yake mwenyewe, si kwa maandishi. Sekunde 40 hazitarudi na wala tusidanganyane kwamba zitafutwa. Rekodi isichomwe. Wifi alitaka ichomwe, Bibi akakataa. Maneno ya mkole wasiyasikie wanaume, mimi nikiwamo, lakini wajukuu wa kike wayasikie, kwa sababu katika binti zake wote hakuna aliyechezwa kwa Kizaramo, walichezwa kwa Kiswahili na kungwi wa Mbagala. Alilisema hilo la Mbagala kwa dharau ambayo haina tafsiri.

Tulichobadili, na tuliyobishana

Njiani kurudi, mwenzangu na mimi tuligombana, na nadhani ugomvi wetu una maana kuliko suluhu. Yeye ni mwanamke na ana haki ya kusikia sehemu ile, lakini ndiye aliyetaka ifunguliwe zaidi. Hoja yake: mwana hiti, kile kisanamu cha mti cha mwali wa Kizaramo, kiko kwenye makabati ya vioo ya makumbusho ya Ulaya, kila mtalii anakiona, na maneno yaliyokwenda nacho hayapo popote. Tukiyafungia sasa tunawaachia watoto kitu bubu. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, kwa hiyo hata idadi ya wasemaji ni ya kukisia, na mkoa huu ulihesabiwa una watu 5,383,728 mwaka 2022, wengi wao wasiojua kwamba hapa kuna lugha ya kupotea. Kusubiri ni kupoteza.

Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba maneno yale yalikuwa na msikilizaji aliyechaguliwa, na kumwondoa huyo msikilizaji ni kuyapoteza kwa njia nyingine. Kizaramo cha dakika ya 71 kilitoka kwa sababu wifi alikuwa pale na mimi sikuwapo. Siwezi kuichukua faida ya kutokuwapo kwangu, halafu nijiingize kwa mlango wa nyuma wa faili.

Upande wa sheria uko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda hata sanaa za jadi zisizo na mtunzi mmoja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu mtu yeyote anayekusanya taarifa zinazomtambulisha mwenzake. Sauti ya Bibi ikitaja watu kwa majina ni taarifa ya wengi, si yake peke yake. Yule binti aliyetajwa dakika ya 71, siku hizi mama mtu mzima, hakuna aliyemuuliza. Hilo tuliliona mwezi mmoja baadaye, tukamwendea. Alicheka, akakasirika, akacheka tena, akasema jina litolewe. Likatolewa.

Faili tulilikata matatu. La kwanza, la mwembe uliokatwa na basi na mihogo na jirani mtani, ni la wote. Bibi alitaka hata lipigwe shuleni. La pili ni la ukoo, lina madeni na ugomvi wa shamba. La tatu, dakika 23, liko kwa binti mmoja wa familia, kwenye diski mbili zilizo katika nyumba mbili. Hifadhi nyingi za sauti za lugha duniani zina ngazi za ruhusa kama hizi, kwa hiyo hatukubuni jipya. Kazi ya kurudia polepole kwa faili la tatu ilifanywa na wifi mwenyewe, na aliyenukuu ni mjukuu wa kike aliyejifunza ELAN kwa siku nne. Anaandika "wanhu" bila kusahihishwa na mtu, maana wifi akimwona anaandika vibaya anampiga kikumbo.

Kuhusu fomu: sasa tuna ya mwanzo, fupi, inayoruhusu kurekodi tu. Ya kutumia inakuja baada ya mzee kusikiliza alichokisema, chote, kwa vipaza sauti vizuri, na amekaa na mtu anayemchagua yeye. Inachukua siku ya ziada kwa kila rekodi, na wafadhili hawaipendi siku hiyo. Wazee wanaipenda. Wanajicheka, wanakumbuka walichosahau kusema, wanakiongeza, na hapo unapata rekodi ya pili ambayo mara nyingine inaishinda ya kwanza.

Kijana wetu yuko chuo. Aliomba radhi kama alivyoagizwa, na akajaribu kuanza kwa Kizaramo. Alisema maneno sita. Kundi zima la ukoo lilikaa kimya, kisha shangazi wa Temeke akamsahihisha la tatu.

Siku ya kusaini karatasi ya pili nilikuja na kidau changu cha wino kwa mazoea. Bibi akakisukuma pembeni, akaomba kalamu. Kumbe anaandika. Alisoma chuoni Kisarawe akiwa mtoto, kwa mwalimu wa Kurani, na anaandika herufi za Kiarabu vizuri, kwa mkono ulionyooka. Siku ya kwanza sikumuuliza. Nilimpa wino kwa kuwa ni bibi kizee anayesuka mikeka. Aliandika jina lake, kisha chini yake akaongeza mstari mmoja mrefu, akampa wifi asome. Wifi alisoma, akajifunika mdomo kwa kanga.

Mwenzangu amesoma madrasa, herufi anazijua. Tulipofika kwenye daladala aliifungua karatasi, akaufuatisha mstari kwa kidole, akautamka wote taratibu, mara mbili.

"Unasemaje?" nikamuuliza.

"Si Kiswahili," akasema, akaikunja.